Dawa ya kupaka ya saratani ya ngozi: mgonjwa aelezwe kabla uso haujawaka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie dawa ya kupaka iitwayo fluorourasili, ambayo madaktari wa ngozi huwaandikia watu walioharibiwa ngozi na jua, na ambayo sisi wenye ualbino tumekutana nayo kuliko wananchi wengine. Dawa hii inafanya kazi. Kinachoiangusha ni kukabidhiwa mgonjwa dirishani bila maelezo, hata wengi wakaiacha kabla haijamaliza kazi yake, wakiamini kwamba imewaunguza.

Ngozi yenye upungufu wa melanini, yaani rangi ya asili inayoikinga na jua, ikipigwa na jua mwaka hadi mwaka huota mabaka makavu yenye magamba, hasa masikioni, kwenye paji la uso, mdomo wa chini, kisogoni na migongoni mwa mikono. Ukiyapapasa yanakwaruza kama msasa, na mara nyingi kidole huyagundua kabla ya jicho. Mabaka hayo bado si saratani, lakini baadhi yake hugeuka kuwa saratani ya seli bapa za ngozi, ambayo ndiyo inayotuua sisi wenye ualbino mapema katika ukanda huu. Kwa nchi kama Tanzania, ambako inakadiriwa kuwa mtu mmoja katika kila watu 1,400 ana ualbino, hili si jambo la watu wachache wa kuhesabika.

Fluorourasili huzizuia seli kutengeneza vinasaba vipya, na kwa kuwa seli zilizoharibika hugawanyika haraka kuliko zile nzima, hizo ndizo zinazokufa kwa wingi. Iligunduliwa nchini Marekani mwaka 1957 na Charles Heidelberger na wenzake kama dawa ya sindano ya kutibu saratani za ndani ya mwili, na hadi leo inatumika hivyo. Namna ilivyofika kwenye ngozi ndiyo inayonivutia zaidi: madaktari Falkson na Schulz waliandika mwaka 1962 kwamba wagonjwa waliodungwa dawa hiyo walikuwa wakiwaka wekundu mahali palepale palipoharibiwa na jua, huku ngozi nzima ya pembeni ikibaki kama ilivyokuwa. Kwa maneno mengine, wekundu huo unaowatisha wagonjwa wetu ndio uliowaonyesha madaktari kwamba dawa hii inaweza kutibu ngozi.

Nami nimeipitia. Siku za mwanzo huoni kitu, na mtu anaweza kudhani amepewa mafuta ya kawaida. Mwishoni mwa wiki ya kwanza uso unaanza kuwa mwekundu na kuwasha. Wiki ya pili na ya tatu mabaka yanachubuka, yanatoa majimaji na kufunga magaga. Kola ya shati inanata shingoni, kunyoa ndevu hakuwezekani, na hata mabaka ambayo hukujua unayo yanajitokeza. Wazazi wa wanafunzi wangu waliniuliza kama nimemwagiwa maji ya moto. Kwa mabaka ya jua, dawa hupakwa kwa kawaida mara mbili kwa siku kwa wiki mbili hadi nne, kisha inasimamishwa na ngozi huchukua wiki kadhaa nyingine kupona.

Sasa fikiria mtu ambaye ameambiwa maneno manne tu, “paka kutwa mara mbili”, kama nilivyoambiwa mimi katika dirisha la dawa la hospitali moja. Niliendelea kwa sababu dada mmoja wa chama chetu, aliyenitangulia kuitumia, alikuwa amenisimulia kila hatua. Asiye na dada wa namna hiyo huitupa tyubu na kwenda duka la dawa, ambako muuzaji, bila ya kuuliza alichokuwa akipaka, humpa krimu yenye steroidi. Wekundu unatulia kwa siku chache, mgonjwa anashukuru, na mabaka yanabaki palepale. Akirudi kliniki baada ya miezi mingi ana kidonda kinachotoa damu, na wakati huo krimu si tiba tena.

Hapo nataka nieleweke vizuri, kwa sababu wapo watakaosoma barua hii na kutaka kuitafuta dawa yenyewe mtaani. Fluorourasili inafaa kwa mabaka ya jua na kwa aina chache za saratani iliyo juujuu tu ya ngozi. Uvimbe mgumu, kidonda kisichopona au kinachotoa damu kinahitaji daktari akate kinyama kidogo kikapimwe, na kikithibitika kuwa saratani iliyozama, tiba yake ni upasuaji na wakati mwingine mionzi. Kuipaka saratani ya namna hiyo kunaweza kuifunika ngozi ya juu huku chini ugonjwa ukiendelea kutambaa. Aidha, mjamzito haruhusiwi kuitumia, isipakwe karibu na macho, na mikono ioshwe kila baada ya kupaka.

Faida yake imepimwa. Nchini Marekani, askari wastaafu 932 waliowahi kuugua saratani ya ngozi walishiriki utafiti ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018. Waliopaka fluorourasili usoni na masikioni kwa awamu moja tu walipungukiwa na saratani za seli bapa zinazohitaji upasuaji kwa asilimia 75 katika mwaka wa kwanza. Nafuu hiyo haikudumu miaka yote, na wale walikuwa wazee wa Kimarekani, si wavuvi wa Ukerewe. Hata hivyo mimi nasoma hapo kwamba awamu moja iliyokamilishwa ina thamani kubwa, na kwamba mgonjwa lazima aendelee kukaguliwa ngozi hata baada ya uso kung’aa.

Shirika la Afya Duniani limeiweka fluorourasili ya kupaka katika orodha yake ya dawa muhimu. Huku kwetu, ukitoka nje ya hospitali kubwa na kliniki za ngozi, kama ile ya KCMC mjini Moshi, kuipata ni kazi. Ningependa hospitali za mikoa ziwe nayo pamoja na mtumishi aliyefundishwa kukagua ngozi, na izingatiwe kwamba mafuta ya kukinga jua, kama yale ya Kilisun yanayotengenezwa hukohuko Moshi, hayawezi kuchukua nafasi yake wala yenyewe haiwezi kuchukua nafasi ya mafuta. Mafuta na kofia pana huzuia madhara mapya. Fluorourasili hushughulikia yaliyokwisha kutokea. Nimeona watu wanaodhani wakishapewa kimoja hawahitaji kingine.

Lakini lipo linalowezekana bila ya kusubiri bajeti. Kila tyubu itolewe na karatasi moja ya Kiswahili inayosema wiki ya kwanza utaona nini, ya pili nini, lini usimamishe, na dalili zipi zinakutaka urudi hospitali mara moja, kama vile uvimbe kufunga macho, homa au usaha. Mfamasia aisome mbele ya mgonjwa, na ikiwa mgonjwa hasomi vizuri, kama ilivyo kwa wengi wetu wenye uoni hafifu, maandishi yawe makubwa au ndugu aliyemsindikiza aitwe asikilize. Simu moja ya mhudumu katika wiki ya pili ingewabakiza wengi kwenye dawa, kwa kuwa hiyo ndiyo wiki wanayoiacha.

Wako,
Mwalimu mwenye ualbino,
Mwanza