Zuzu gani huyo?

Shoga yangu Zuhura,

Salaam nyingi. Huku wazima, mama anakusalimu, mvua inatutesa. Salamu ziishie hapo, maana Mwanaidi kaniambia umemaliza riwaya ya Emma ya Jane Austen, na eti umesema Harriet Smith ni zuzu tu. Zuzu! Ulisoma, au ulikuwa unapepesa macho?

Mtoto wa watu ana miaka 17. Baba hamjui, amewekwa kwenye shule ya Bi Goddard, na anayemlipia hatajwi jina. Mara anaitwa Hartfield, jumba la kina Emma, wakubwa wa kijiji cha Highbury, na Emma, bibie mwenyewe, karibu miaka 21, tajiri, mzuri, anamfanya msiri wake. Wewe ungekataa? Usinidanganye.

Sasa rudi kwenye barua ya Robert Martin. Mkulima wa watu kaandika posa kwa adabu hadi Emma anadai lazima dada yake kamsaidia. Harriet anauliza nijibu nini. Emma anajibu hilo ni lako, mimi siingilii. Haya. Punde anatia neno: mwanamke akisitasita, basi akatae. Kisha anakaa pembeni wakati wa kuandika, na hakuna sentensi asiyoitia mkono. Na msichana alipokwisha kuamua kukataa, kabla hata ya kuandika, ndipo alipoambiwa, ungemkubali ningekupoteza, mimi nisingeweza kukanyaga kwa kina Martin. Angetoa amri waziwazi, Harriet angepata cha kubishia. Utabishana vipi na mtu anayeapa hajakuamuru kitu?

Na zile dakika 14, ulizipita? Harriet alikaa kwa kina Martin wiki sita, wakamlea kama wao. Emma anampeleka kuwasalimia, gari la farasi linarudi kumchukua upesi. Mwanzo wamenuna. Mama anasema Harriet ameongezeka kimo, wote wanageuka kutazama alama za penseli ukutani, pale dirishani, Robert alipowapima mwaka uliopita. Nyoyo zinaanza kulainika, na gari hilo mlangoni! Mie nilikifunga kitabu, nikaenda kuosha vyombo.

Unamkumbuka Asha na yule mwenzake wa bwenini, aliyekuwa akimchagulia hadi... basi, tuyaache.

Kinachonifurahisha ni pale mwanafunzi anapofaulu kupita kiasi. Emma kamfundisha ajione wa kuolewa na wakubwa, naye Harriet kamtupia jicho Bwana Knightley, rafiki wa kina Emma, mkubwa kuliko wote! Ndipo Emma anagundua kwamba yeye mwenyewe anampenda Knightley. Somo limeeleweka, mwalimu analia. Harriet anaishia kwa Martin yuleyule, na urafiki unaachwa upoe polepole kana kwamba ndivyo inavyotakiwa. Emma anajuta, sikatai, ila kajutia kwenye raha, na mume juu.

Lakini narudi kwenye ile barua, bado inanikereketa. Hivi unadhani Emma alimpenda Harriet, au alipenda kusikilizwa? Na Harriet hakuona, au aliona akanyamaza kwa kuogopa kufungiwa mlango wa Hartfield? Knightley alipomgombeza Emma kwa ile posa kukataliwa, alimtetea Harriet au rafiki yake Martin? Na wewe zuzu hilo umelitoa wapi, au ni maneno ya mumeo? Ile kazi umejibiwa? Mdogo wako kapata chumba? Nijibu kwa urefu, usinitumie vijineno viwili.

Wako,
Mwanahamisi