Risala ya Kwaya na Okestra ya Vijana wa Parokia kwa Mgeni Rasmi, Tamasha la Muziki wa Pasaka

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Baba Paroko,
Mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei,
Wazazi, walezi na wapenzi wote wa muziki,

Tumsifu Yesu Kristo! Bwana amefufuka, aleluya!

Tunakushukuru kwa kukubali kuwa nasi jioni hii ya Pasaka, saa ambayo wengi wako nyumbani na familia zao.

Sehemu ya kwanza ya tamasha ni hapa kanisani na ni muziki mtakatifu pekee: Ave verum corpus ya Mozart ya mwaka 1791, kisha vipande vinne vya Messiah ya Handel, utungo mrefu wa kwaya na okestra kuhusu Kristo. Baadaye tutahamia ukumbini kwa Eine kleine Nachtmusik, nayo ya Mozart, ambayo ni muziki wa burudani. Mgawanyo huu una sababu. Barua ya Vatikani ya tarehe 5 Novemba 1987 kuhusu matamasha makanisani inataka muziki uendane na utakatifu wa mahali, Sakramenti Takatifu ihamishiwe sehemu nyingine ya heshima, wanamuziki wasikae patakatifu, yaani eneo la altare, na watu waingie bure. Ndiyo maana viti vyetu vimepangwa chini ya ngazi za altare, na ndiyo maana hukukuta meza ya tiketi mlangoni. Tunaliafiki hilo kwa moyo wote, ingawa maana yake ni kwamba tamasha haliwezi kujilipia.

Messiah ilipigwa mara ya kwanza Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, Jumanne ya Juma Kuu. Nota za siku ile zilihitaji ala za nyuzi, tarumbeta mbili, timpani (ngoma kubwa za okestra) na kinanda. Obo, ala za kupuliza za mbao, ziliongezwa baadaye London. Kwa hiyo okestra yetu yenye vayolini kumi, viola tatu, chelo tatu na besi kubwa moja, haipigi muziki nusu kwa kukosa obo.

Tunaomba usikilize kwa makini kipande kinachotokana na 1 Wakorintho 15:21-22. Kwaya inaanza peke yake, polepole, ikiimba kwamba mauti ililetwa na mtu; halafu okestra inaingia kwa kasi na ufufuko. Hapo ndipo kwaya nyingi huumbuka. Ukiimba polepole bila ala, sauti hushuka kidogo kidogo, hasa besi na alto wakiishiwa pumzi katikati ya neno. Mwimbaji hasikii kosa, kwa kuwa wote wanashuka pamoja, lakini vayolini zikiingia tu kila mtu kanisani anajua. Dawa yake ni kuvuta pumzi kwa zamu ndani ya kila sauti, na mwalimu kugusa kinanda mwisho wa kila mstari wakati wa mazoezi, kamwe si siku ya tamasha. Na kwenye Haleluya Kuu, kabla ya ile Haleluya ya mwisho kuna kimya kifupi kabisa. Tunawasihi wasikilizaji wasipige makofi pale, bado haijaisha!

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, adui yetu mkubwa ni unyevu. Pasaka huangukia kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, na kwa Dar es Salaam hayo ni masika. Ala za nyuzi hukaa salama kwenye unyevu wa asilimia 40 hadi 60. Stoo tunayotumia sasa, yenye ukuta unaovuja na sakafu ya saruji tupu, inapita hapo kwa mbali. Mbao hunywa maji na kuvimba, vigingi vya kukazia nyuzi hukwama, na gundi ya asili inayoshika vayolini hulegea mpaka mbavu, yaani kuta za pembeni, zikaachana na ubao wa mgongo. Ukigonga taratibu kwa kidole kuzunguka ukingo, palipoachia hutoa mlio mkavu wa kukwaruza. Nyuzi za chuma hushika kutu, na ule mwembamba wa E ndio hukatika kwanza. Tunawafundisha vijana kulegeza upinde kila baada ya kupiga, kufuta jasho kwenye nyuzi na kutoacha ala kwenye buti la gari. Yanasaidia, lakini hayawezi kuishinda stoo ile.

Kwa hiyo hatuombi ala mpya. Zikiletwa leo, masika mawili yatazifikisha zilipo hizi. Tunaomba chumba kikavu cha mita nne kwa tano, chenye dari, rafu za mbao zilizoachana na ukuta, kipima unyevu na mashine moja ya kukausha hewa, pamoja na umeme wa kuiendesha. Pili, tunaomba vijana wawili wagharimiwe kujifunza ufundi wa kugundisha na kurekebisha ala za nyuzi, kwa sababu kutafuta fundi kila mara kunatumaliza. Tatu, seti moja ya nyuzi kwa kila ala kila mwaka, na nyuzi za E za akiba.

Ombi la mwisho ni dogo: mvua ikianza kupiga bati katikati ya Ave verum, tutasimama na kungoja ipungue. Tunaomba utuvumilie.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.