Barua kwa mwanangu anayetaka kununua paka

Mji wa Kale, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Sote hapa tu wazima, na baba yako anakusalimu, ingawa goti lake bado linamsumbua akipanda ngazi. Picha ulizonitumia nimeziona, ya mtoto wa paka wa Kiajemi mweupe na ya yule wa kijivu ambaye masikio yake yamelala kichwani kama ukingo wa kofia. Nimesoma pia kwamba muuzaji anataka shilingi 35,000 kwa kila mmoja, na kwamba yuko tayari kumtia katika katoni na kumpakia kwenye basi kutoka Nakuru mara tu utakapomtumia nusu ya fedha. Umeniuliza kama bei hiyo ni ya haki. Nimelifikiri swali lako siku tatu, na nimeona nikujibu kwa barua, kwa sababu kwa simu ungenikatiza.

Nianze na fedha, kwa kuwa ndizo ulizouliza. Paka anayetunzwa ndani aweza kuishi miaka 15 au zaidi, kwa hiyo hizo 35,000 ukizigawa kwa umri wake hazifiki shilingi 200 kwa mwezi, na hapo ndipo mnunuzi anapodanganyika, akidhani kwamba akishalipa amemaliza. Hapa kwetu paka hula vichwa vya samaki na kwenda haja uani. Wewe uko ghorofa ya nne, South B, Nairobi: utamnunulia chakula na mchanga wa choo, na kila ukija likizo utamlipa mtu wa kumwangalia. Chanjo ya mafua ya paka na ya ule ugonjwa wa kuhara na kutapika unaoua watoto wa paka kwa siku chache huanza akiwa na wiki 8 hivi, na hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Akitimiza miezi mitatu huchanjwa kichaa cha mbwa, ambacho licha ya jina lake humpata paka pia, na paka humwambukiza binadamu. Kuna dawa ya minyoo, na kuna upasuaji wa kumfunga kizazi. Aliyepewa paka bure hulipa haya yote sawasawa na aliyenunua.

Najua utaniuliza na upande wa dini, kwa maana ulipokuwa mdogo ulikuwa mwepesi wa kunikumbusha hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie wadudu wa ardhini. Katika Sahihi Muslim iko hadithi ya Jabir kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza thamani ya mbwa na ya paka. Hata hivyo wanazuoni wengi, wa madhehebu yetu ya Shafii wakiwamo, wamejuzisha kumuuza paka, na Imamu Nawawi alieleza kwamba katazo hilo ama lamhusu paka asiye na manufaa, ama ni la karaha tu, yaani jambo lisilopendekezwa ila si haramu, ili watu wazoee kupeana paka na kuazimana. Maelezo haya ya pili nayapenda sana. Kwa hiyo sikwambii kwamba ukinunua umefanya haramu. Ninachotaka uangalie ni fedha yako inakwenda kumlipa nani, na kwa kazi gani.

Rudi kwenye ile picha ya yule wa kijivu uitazame tena. Muuzaji amekuambia ana miezi miwili na nusu, lakini macho yake bado yana ule ubuluu wa uchanga, ambao huanza kugeuka rangi paka akiwa na wiki 6 au 7. Huyo, kwa kukisia kwangu, hajafika hata mwezi na nusu. Mtoto wa paka huanza kuonja chakula akiwa na wiki 4, lakini kuacha ziwa si kwisha kulelewa: mama na ndugu zake ndio wanaomfundisha kuficha kucha anapocheza na kuacha kung'ata, na anayetolewa mapema huvikosa hivyo vyote, kisha mwenye nyumba hulalamika kwamba amepata paka mkali. Kabla ya wiki 8 hafai kutengwa kabisa, na ukimwacha mpaka wiki 12 ni bora zaidi.

Na hayo masikio yaliyokupendeza ni ugonjwa. Paka wa namna hiyo alionekana kwanza Uskoti mwaka 1961, katika shamba moja, na wote wenye masikio hayo wametokana na kizazi chake. Gegedu, yaani ule mfupa laini, inayopaswa kulisimamisha sikio haikuumbika sawasawa, na gegedu hiyo haiko masikioni tu. Iko mkiani, miguuni na katika viungo vyote. Wengi wao huanza kupata maumivu ya viungo wangali wadogo, na kwa kuwa paka hana tabia ya kulia akiumwa, watu humwona ametulia na kumsifu kwa upole. Uholanzi ilipiga marufuku kuwazalisha tangu mwaka 2014. Mwajemi naye ana yake. Ile pua iliyobonyea humbana pumzi na kuipinda mirija ya machozi, ndiyo maana utamkuta na michirizi ya kahawia usoni ambayo lazima ifutwe kila siku, na wamo wanaorithi mafundo ya maji katika figo, ugonjwa ambao mzazi mmoja tu akiwa nao yatosha kumpa mtoto. Upo uchunguzi wa vinasaba wa kuugundua. Mwulize huyo bwana kama wazazi wamechunguzwa, halafu msikilize atakavyojibu.

Mwombe jambo jingine pia: umwone mtoto akiwa na mama yake, mahali walipozaliwa. Kaka yako alipotafuta paka huko Uingereza alituambia kwamba tangu Aprili 2020 sheria ya England inamtaka anayefanya biashara ya kuuza paka wa chini ya miezi sita awe amemzalisha mwenyewe, na mnunuzi amwone pamoja na mama. Sisi hatujafikia huko, lakini hakuna sheria inayokukataza kupanda gari hadi Nakuru. Muuzaji akikuambia mama yuko mbali, au kwamba huzoea kukutana na wateja barabarani, huna haja ya kuuliza la tatu.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijawahi kukueleza. Ulipokuwa darasa la nne, paka wetu wa kwanza alizaa watano ndani ya kabati, juu ya leso zangu za zamani, nawe ukawapa wote majina. Siku moja ulirudi shule hukuwakuta, nikakuambia wamepata wenyewe. Hawakupata. Niliwatia katika kikapu, nikakifunga kwa kanga, nikampa kijana wa mkokoteni shilingi 50 awapeleke soko la samaki, kama walivyofanya majirani wote na kama alivyofanya mama yangu. Mama yao alizunguka nyumba siku tatu akiita, chumba hadi chumba, matiti yamejaa mpaka yamekuwa magumu. Nilipokwenda kununua samaki wiki hiyo niliwaona wawili chini ya meza ya kuparia, mmoja jicho limezibwa na usaha. Nikageuka, nikanunua kuku. Kwa hiyo usidhani nakuandikia kama mtu aliye juu ya muuzaji wako; yeye angalau alitaka watoto wake wafike kwa mtu.

Nilikosea hata kabla ya kikapu, kwa kumwacha yule paka azae tena na tena. Paka jike aweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, hubeba kwa wiki 9 hivi, na hata akiwa ananyonyesha aweza kushika nyingine. Kidoti, huyu tuliye naye sasa, amezaa watatu, nao wametimiza wiki ya tano. Wakishaacha ziwa nitampeleka kwa daktari wa mifugo akamfunge kizazi. Jirani wa ng'ambo ya njia ameniambia ni dhambi. Nimemjibu kwamba hakunionya siku ile aliponiona na kikapu.

Katika hao watatu yuko jike mweupe mwenye baka jeusi kidevuni, mla sana, asiyeogopa hata mvumo wa feni. Ukimtaka ni wako, lakini hatoki hapa kabla ya wiki 12 na kabla ya chanjo mbili, nami nitakuja naye mwenyewe katika basi la mchana, kikapuni, mapajani pangu. Na ukiona huna muda wa kulea mtoto, KSPCA, chama cha kuwatunza wanyama kilichoko Karen, huwatafutia makao paka wakubwa pia, na paka mkubwa tabia yake unaijua tangu siku ya kwanza.

Kabla sijakata tiketi, mwulize mwenye nyumba kwa maandishi kama anaruhusu paka, na umwite fundi aweke wavu wa chuma katika madirisha yote mawili. Paracetamol zako zitie kwenye droo inayofungika, kwa maana kidonge kimoja chaweza kumuua paka, na maziwa ya ng'ombe usimpe, yatamharisha. Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi, kwani mwalimu wa madrasa naye amemwulizia huyo huyo mwenye baka, na nimemwambia asubiri jibu lako.

Wasalaam,
Mamako