Barua ya wazi kwa Kamishna Mkuu wa KRA: gharama za laivu na fujo za mashabiki

Lamu Mjini

Kwa Kamishna Mkuu,
Mamlaka ya Ushuru ya Kenya,
Nairobi.

KUH: MWONGOZO WA MAANDISHI KWA WARUSHAJI WA LAIVU

Mheshimiwa,

Ama baada ya salamu, tunaomba jambo moja: mwongozo wa maandishi, kwa Kiswahili, unaosema ni gharama zipi mrushaji wa laivu, yaani matangazo ya moja kwa moja mtandaoni, anaruhusiwa kuzitoa kabla ya ushuru wake kuhesabiwa, na hasa gharama za kuwadhibiti mashabiki. Kulipa hatukatai. Sheria ya Ushuru wa Mapato, sura ya 470, kifungu cha 15, inaruhusu kutoa matumizi yaliyofanywa kwa ajili ya kuzalisha mapato na si kwa jingine. Kifungu cha 16 kinakataza matumizi ya binafsi. Baina ya vifungu hivyo viwili ndipo kazi yetu ilipokwama.

Laivu za Lamu ni za namna tatu. Kuna za shughuli: harusi, zefe la Maulidi pale msikiti wa Riyadha, mashindano ya majahazi. Hizi wenye shughuli hulipa ili jamaa walioko Mombasa au Uarabuni waone. Kuna za jukwaa, TikTok au YouTube, ambako mtazamaji hununua sarafu za jukwaa na kuzituma kama zawadi, au hulipia ili maoni yake yakae juu. Na kuna za mdhamini, tuseme hoteli ya Shela inayotaka jina lake litajwe.

Ya mdhamini ndiyo rahisi. Tangu Julai 1, 2023, anayemlipa mkaazi wa Kenya kwa maudhui ya mtandaoni anatakiwa kuzuia asilimia 5 na kuiwasilisha kwenu ndani ya siku 5 za kazi. Malipo ya 50,000 yanafika yakiwa 47,500. Wengi hukosea hapa: wanaandika 47,500 kwenye ritani, ile taarifa ya ushuru ya mwaka, wakati wanatakiwa kuandika 50,000 kisha wadai zile 2,500 kama ushuru uliokwisha kulipwa. Na aliyezuia asipowasilisha, cheti cha ushuru uliozuiwa hakionekani kwenye iTax, mfumo wenu wa mtandaoni, na mrushaji anatozwa mara ya pili kwa pesa ambazo hakuzishika. Mwongozo useme aende na nini ofisini: mkataba, taarifa ya benki, au vyote viwili.

Kwenye gharama ndiko kwenye uzito, na tunaomba utuvumilie kwa hesabu.

Chukulia mrushaji ambaye mapato yake ya mwaka ni shilingi 900,000. Hajavuka 1,000,000, kwa hiyo TOT, ule ushuru wa asilimia 3 ya mauzo, haumhusu. Anajaza ritani ya kawaida. Gharama zake za kweli ni 560,000. Kinachobaki ni 340,000. Katika hizo, 288,000 za kwanza kwa asilimia 10 zinaleta 28,800, na 52,000 za juu yake kwa asilimia 25 zinaleta 13,000. Ukiondoa nafuu ya binafsi ya 28,800, anadaiwa 13,000. Sasa chukulia katika zile 560,000 ameweza kuthibitisha 200,000 tu. Faida ya kwenye karatasi inakuwa 700,000, na ushuru unapanda hadi 118,600. Mkononi mwake hakuna kilichoongezeka. Ana zile zile 340,000, na zaidi ya theluthi yake inakwenda.

Kwa nini ashindwe kuthibitisha? Kwa sababu tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wenu wa ankara za kielektroniki, haikubaliwi, isipokuwa chache zilizotajwa na sheria. Mji wetu hauna barabara za magari. Spika, jenereta na stendi za kamera hubebwa na punda. Kutoka Mokowe, gati la bara, au kwenda Manda au Matondoni, ni boti, na nahodha hulipwa kwa M-Pesa au mkononi. Si nahodha, si mwenye punda, si kijana anayeshika taa, hakuna anayetoa ankara.

Dawa ipo, na tunaisifu: marekebisho ya mwaka 2024 yanamruhusu mnunuzi kumwandikia ankara muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi 5,000,000 kwa mwaka, na eTIMS ya simu ya *222# haihitaji kompyuta. Inakwama pale mnunuzi anapoomba PIN, namba ya mlipa ushuru. Nahodha anaamini kwamba akiitoa, mwezi ujao ataletewa deni. Hakuna afisa aliyekaa gatini akamweleza kwamba anayepata pesa kidogo anaweza kuandikiwa ankara na bado asidaiwe kitu. Tunaomba siku mbili za maafisa wenu gatini Mokowe na mbili Lamu Mjini, kabla ya msimu wa harusi, wakizungumza na manahodha wenyewe kwa lugha yao. Siku hizo nne zitaleta ankara nyingi kuliko matangazo ya redio ya mwaka mzima.

Aliyevuka 1,000,000 na hajafika 25,000,000 analipa TOT ya asilimia 3 bila kutoa gharama yoyote. Kwa anayerusha kutoka chumbani kwake akiwa na simu moja, huo ni unafuu. Kwa mwenye kukodi boti na watu sita, unaweza kumuumiza, na sheria inamruhusu akuandikie kwamba amechagua kutoka kwenye TOT. Wachache wanajua. Liandikeni waziwazi.

Vifaa navyo vina tatizo lao. Bei ya kompyuta na viambata vyake hutolewa kwenye mapato asilimia 25 kwa mwaka kwa mafungu sawa: kipakatalishi cha 80,000 kinatoa 20,000 kila mwaka kwa miaka 4. Vifaa vya kurekodia filamu navyo vinapewa asilimia 25, lakini kwa mtayarishaji filamu mwenye leseni. Mrushaji wa harusi hana leseni hiyo, kwa hiyo kamera yake ya 120,000 inaangukia kwenye mitambo mingineyo, asilimia 10, yaani 12,000 kwa mwaka kwa miaka 10. Kamera haikai miaka 10 Lamu. Chumvi ya kusi huingia kwenye vitufe na matundu ya waya, kutu hushika skrubu, ukungu huota ndani ya lenzi. Tunapendekeza kamera, maiki, taa na kifaa cha kuchanganya picha vinavyounganishwa na kompyuta kwa ajili ya laivu vihesabiwe kuwa viambata vya kompyuta.

Sasa mashabiki. Tunajua ofisini neno hili halisikiki kama jambo la ushuru, lakini sehemu kubwa ya gharama zetu inatoka huko.

Shabiki anayetafuta kuonekana ana mwendo wake. Dakika za mwanzo anamwaga zawadi, jina lake litajwe. Likitajwa, anataka litajwe tena, kisha anataka achaguliwe wimbo, kisha namba ya simu. Asipopewa anafungua akaunti ya pili na kuanza matusi, au anawaita wenzake wairipoti laivu kwa pamoja mpaka jukwaa linaikata. Laivu ya harusi ikikatwa katikati ya shughuli, familia hairudishiwi wakati huo. Inachorudishiwa ni pesa, na zinatoka kwa mrushaji. Kwenye shughuli ya kumpamba bibi harusi, ambako ni wanawake pekee, hatari ni kubwa zaidi: shabiki mmoja akirekodi kioo cha simu na kusambaza sura za watu, heshima ya nyumba nzima imeingia mashakani.

Kuzuia hayo ni kazi ya watu. Laivu ya harusi inahitaji wasimamizi wa maoni wasiopungua wawili, mmoja kwa kila jukwaa. Kabla ya kuanza wanaingiza orodha ya maneno yaliyozuiwa, pamoja na matusi ya Kiswahili na ya Kiamu, lahaja ya Lamu, ambayo mashine za majukwaa haziyatambui, na namna yanavyoandikwa kwa tarakimu. YouTube wanaweka muda baina ya maoni ya mtu mmoja. Kupamba kunarushwa kwa kiungo cha faragha, na mpiga picha ni mwanamke. Hao wote wanalipwa kwa kila shughuli. Tunasema malipo hayo ni gharama ya kazi sawasawa na mlinzi wa duka. Lakini mrushaji hajui kama msimamizi anayelipwa 500 kwa usiku mmoja ni mwajiriwa wa kukatwa PAYE, ushuru wa mshahara, au ni muuzaji wa huduma wa kuandikiwa ankara. Chagueni moja, muandike.

Laini ya pili ya simu kwa ajili ya mashabiki ni gharama ya kazi. Bando linalotumika nyumbani na kazini ligawanywe kwa kiwango kinachoeleweka. Mlinzi wa ukumbini ni gharama ya kazi. Kubadilisha kufuli ya nyumba kwa sababu shabiki amefika mlangoni, hilo tunaona ni la binafsi, ingawa linauma. Nguo, hina na vipodozi ni vya binafsi pia, na anayeviweka kwenye ritani anatuharibia sote. Wakili wa kumzuia shabiki anayetishia ni suala gumu zaidi. Sheria ya Makosa ya Kompyuta na Mtandao ya mwaka 2018, kifungu cha 27, inalifanya sumbuo la mtandaoni kuwa kosa lenye faini isiyozidi 20,000,000 au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili, na aliyesumbuliwa anaweza kwenda mahakamani kuomba amri ya kumzuia msumbufu. Kama sumbuo lilizaliwa na laivu na linaizuia laivu, tunaona ada ya wakili inatimiza masharti ya kifungu cha 15.

Tuje kwenye zawadi zenyewe. Pesa ya shabiki ina njia tatu. Ikipita kwenye jukwaa, ni mapato, hakuna ubishi. Cha kuamua ni kiasi gani. YouTube humpa mrushaji asilimia 70 ya maoni ya kulipia. Shabiki akilipa 1,000, mapato ni 1,000 au ni 700? Kwa wa TOT swali hili ni pesa taslimu, kwa kuwa yeye hatoi gharama. Tunaomba iwe 700, kiasi kinachofika. Ikiingia kwa dola, mseme ni kiwango cha Benki Kuu cha siku gani. Na kwa watazamaji walioko Marekani, YouTube hukata ushuru wa huko hadi asilimia 30, maana Kenya na Marekani hazina mkataba wa kuepusha kutozwa mara mbili. Semeni mkato huo uandikwe wapi kwenye ritani.

Ikija moja kwa moja kwa M-Pesa wakati laivu inaendelea, na jina likatajwa, hayo ni mapato pia. Njia ya tatu ni ile ya shabiki kutuma rambirambi au mchango wa hospitali. Tunapendekeza kipimo: je, kuna kilichofanywa hewani kama malipo ya pesa hiyo? Kama hakuna, ni msaada, si mapato. Ili kipimo hicho kifanye kazi, warushaji watenge pesa za kazi, kwa Till au Pochi la Biashara, namba za M-Pesa za kupokelea malipo ya biashara, zisichanganyike na za nyumbani. Pochi ina faida nyingine: shabiki aliyenuna hawezi kuzirudisha pesa kwake bila mwenye pochi kukubali, tofauti na laini ya kawaida ambako anapeleka ujumbe kwa 456 na pesa zinazuiliwa. Zawadi ikirudishwa baada ya ritani kuwasilishwa, mrushaji aruhusiwe kurekebisha kwa kuonyesha taarifa ya jukwaa.

Kuna jambo ambalo baadhi yetu hawatalipenda. Warushaji hutumiana zawadi kwenye mechi, yale mashindano ya warushaji wawili hewani ya nani atapata zawadi nyingi, ili mashabiki wapandishe mori. Tuseme jukwaa linabakiza nusu. Wa kwanza anatuma za 10,000, wa pili anapata 5,000. Akizirudisha zote, wa kwanza anapata 2,500. Kwenye vitabu kuna mapato ya 7,500. Kilichobaki kweli ni 2,500, na zote zilitoka mfukoni mwa wa kwanza. Wengine wanataka sarafu zote zikubaliwe kuwa gharama. Sisi hatukubaliani nao, kwa sababu sarafu ni rahisi kufichia starehe. Zikubaliwe zile tu zilizotumwa kwenye mechi ambayo mrushaji mwenyewe alikuwa hewani, zenye risiti ya ununuzi na tarehe inayolingana na laivu.

Kwa upande wetu tumetayarisha kielelezo cha daftari: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, jukwaa, kilichoingia kwa kila njia, kilichorudishwa, na kila aliyelipwa pamoja na namba ya ankara. Kinahifadhiwa miaka 5 kama sheria inavyotaka. Tutamkabidhi afisa wenu nakala atakapofika Lamu, na tunaomba mwongozo utoke mapema, mrushaji apate kuutumia kwenye ritani ya Juni 30.

Wako kwa heshima,

Warushaji wa laivu wa Lamu Mjini, Shela na Matondoni