Salamu za mkesha wa Oktoba 3, Leiden

Ndugu zangu, wazee wetu na wanetu mlioko hapa Leiden na kote Uholanzi, salaam aleikum na Bwana asifiwe. Tumejaliwa kuufikia tena mkesha huu wa sikukuu ya kukumbuka mji wetu ulivyokombolewa. Wapo tuliokula nao mwaka jana na leo hatunao, Mungu awarehemu. Nawatakieni sikukuu njema, yenye afya na riziki.

Mwaka ulikuwa mzito. Kodi imepanda, gesi imepanda, na mfuko mmoja wa sokoni unamaliza fedha ya siku tatu. Jioni hii, nikimenya karoti za hutspot, ule mseto wa karoti, vitunguu na viazi vya kuponda, nimewawaza waliofungiwa ndani ya mji huu mwaka 1574, jeshi la Hispania chini ya Valdez limewazunguka tangu mwisho wa Mei. Fedha iliwapungukia hata wakapiga sarafu za karatasi. Lakini karatasi haishibishi. Njaa ilikaza, tauni ikaingia, wakafa watu wapatao 6,000, theluthi ya mji au zaidi. Husimuliwa kwamba wenye njaa walipomwendea meya Van der Werff wakitaka malango yafunguliwe, aliwaambia waukate mkono wake wale, ila mji hatautoa.

Mimi huwafikiria zaidi wakulima wa nje ya kuta. Ili mashua za Boisot, amiri wa waasi wa Kiholanzi waliokuja kuuokoa mji, zifike, kingo za maji zilitobolewa, bahari ikaingia mashambani mwao. Na hata hapo maji yalikuwa haba, mashua zikakwama majuma kadhaa, mpaka upepo ulipogeuka. Usiku kama huu, wa tarehe 2 kuamkia 3, kipande cha ukuta kiliporomoka kwa kishindo. Walinzi walidhani ndiyo mwisho wao. Kumbe Wahispania walikuwa wanakimbia maji.

Nina jambo moja la kusema, nalo linanielemea. Kwa miaka sita bibi wa ghorofa ya chini, Mholanzi mjane, alinipandishia bakuli la hutspot kila Oktoba 3, kalifunika kwa taulo ya jikoni yenye mistari ya buluu. Februari alifariki. Nilikuwa kwenye zamu za usiku, nikapita mbele ya mlango wake siku nne nisibishe hodi. Taulo yake ninayo, niliichelewesha kuirudisha. Nimeifua, nimeipiga pasi, na sina wa kumpelekea.

Kwa hiyo nawasihi, msiniache niseme peke yangu. Vijana, mwenye chumba jirani asiyeonekana darasani, mgongeeni. Akina baba, anayedaiwa kodi haoni haya bure. Muulizeni kabla hajafukuzwa. Wale wakulima walipoteza shamba zima kwa ajili ya watu ambao wengi wao hawakuwajua hata kwa sura, nasi tunashindwa kutoa dakika tano za ngazi! Tusingojee msiba ndipo tujazane sebuleni na masufuria ya pilau.

Kesho asubuhi tuonane kwenye foleni ya samaki wa hering na mkate mweupe pale De Waag, ile nyumba ya kale ya mizani, waliojiandikisha. Sikukuu njema, na Mungu atufikishe mwakani sote. Hutspot itakuwa tayari kwangu saa kumi jioni. Njooni na watoto, na kila mmoja amshike mkono jirani mmoja aje naye. Bakuli la kwanza nitalifunika kwa ile taulo, nilipeleke ghorofa ya chini kwa mpangaji mpya. Bado sijamjua jina.