Punguzeni spika, tuisikie miguu yenu

Wanangu wa kikundi cha dansi,

Jumamosi ile nilikaa safu ya mbele kuwatazama mkicheza tap, dansi ya kugonga sakafu kwa viatu hadi miguu itoe mdundo. Mlipendeza, lakini sauti ya miguu yenu sikuisikia. Spika zinanguruma, jukwaa limetandikwa zulia (zulia!), na mshereheshaji anatutangazia kwamba dansi hii ilibuniwa Hollywood. Nilinyamaza kwa adabu. Leo sinyamazi.

Mwaka 1739 watumwa wa South Carolina, huko Marekani, waliasi karibu na mto Stono, wengi wao wakiwa watu wa upande wa Kongo. Waliandamana wakipiga ngoma ili wenzao wajiunge. Uasi ukazimwa kwa damu, na mwaka 1740 ikatungwa sheria: mtumwa haruhusiwi kuwa na ngoma wala pembe ya kupuliza. Basi ngoma ikahamia mwilini. Viganja vikapiga mapaja na kifua, kisigino kikashika mdundo mzito, vidole vya mguu vikajibu harakaharaka. Mchezo huo waliuita juba. Sasa mtu alinyang'anywa ngoma akaipata mguuni, halafu ninyi mnaizika chini ya zulia! Nani aliwashauri?

Katika kuizaa tap, Waafrika hawakuwa peke yao. Waayalandi walikuja na jig, dansi zao za miguu ya haraka, Waingereza wa Lancashire na viatu vya soli za mbao. Huko Five Points, mtaa wa mafukara wa New York, weusi na Waayalandi waliishi pua na mdomo, wakaigana hatua. Miaka ya 1840 William Henry Lane, kijana mweusi aliyejulikana kama Master Juba, alishindana kucheza na John Diamond, Mwayalandi wa Marekani. Mwaka 1848 alikwenda London, wakamshangilia. Alikufa angali kijana. Nyumbani kwake, wazungu waliojipaka weusi usoni kumwigiza mtu mweusi ndio waliojaza kumbi. Na sisi je? Harusini dijei analipwa, mpiga ngoma anapewa soda.

Mengine kwa ufupi. Vyuma vya chini ya kiatu vilienea karne ya 20. Bill Robinson, mcheza tap mweusi mzaliwa wa Richmond, Marekani, mwaka 1878, alijulikana kwa soli za mbao. Mtazameni akipanda ngazi na mtoto Shirley Temple, nyota wa sinema, katika filamu ya 1935, The Little Colonel.

Mazoezi yajayo fanyeni bila muziki, juu ya mbao tupu. Nitakuja.

Mzee wenu