Salamu za Pasaka kutoka Onomichi, micheri ikiwa imechanua

Ndugu, jamaa na marafiki, heri ya Pasaka. Bwana amefufuka kweli kweli.

Najua wengi wenu mnasoma ujumbe huu mkiwa mmeshatoka kanisani, nyumba imejaa wageni, pilau liko jikoni na masika yanagonga bati. Huku niliko hakuna hata kimoja cha hivyo. Pasaka si sikukuu ya kitaifa Japani. Wakristo wa madhehebu yote wakijumlishwa ni kama mmoja tu katika kila watu mia, na Ijumaa Kuu watu waliamka wakaenda zao kazini. Lakini msinionee huruma. Mwaka huu Pasaka imeangukia wiki ileile ambayo micheri, miti ya cheri ambayo maua yake huku huitwa sakura, imechanua, na ukitaka kumwona Mjapani ameweka kazi pembeni, njoo wiki hii.

Kukutana kwa mambo haya mawili si kwa kila mwaka. Pasaka tunaifuata kwa mwezi: ni Jumapili baada ya mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi, ndiyo maana yaweza kuja mapema, 22 Machi, au ikachelewa hadi 25 Aprili. Micheri haina habari na mwezi. Yenyewe hufuata baridi. Vitumba vya maua hutungwa tangu kiangazi cha mwaka uliopita, hulala majani yanapopukutika, na kinachoviamsha ni baridi kali ya Desemba na Januari. Baada ya hapo ndipo joto la Machi huvifungua. Shangazi yangu wa Tanga alinitumia ujumbe wa sauti nimletee mbegu akapande uani. Shangazi, nimekusikia, ila kwa joto la Tanga mti huo utalala usingizi wa pono. Tena mbegu yenyewe haifui dafu. Micheri mnayoiona kwenye picha nyingi, aina ya Somei Yoshino, huzalishwa kwa kubebesha, yaani kupachika kikonyo cha mti mmoja kwenye shina la mwingine, kama inavyofanywa kwa michungwa. Watu wa Muheza mnajua ninachosema. Vikonyo vimekuwa vikitolewa mti hadi mti tangu karne ya 19, kwa hiyo yote ni kama mti mmoja uliogawiwa nchi nzima. Ndiyo sababu mtaa mzima huchanua pamoja na kupukutika pamoja. Tena maua yake hutoka kabla ya majani.

Idara ya hali ya hewa nayo ina miti yake maalumu ya kuangalia. Wa Hiroshima uko ndani ya bustani ya Shukkeien. Ofisa huenda kuukagua, na maua matano au sita yakishafunguka, taarifa ya habari inatangaza kwamba sakura imeanza. Yakifika asilimia 80, inatangazwa kwamba imechanua kamili. Mtu mzima, mwajiriwa wa serikali, anahesabu maua mchana kweupe! Nafasi hiyo ikitangazwa, mnijulishe.

Mtauliza kwa nini nimeandika kutoka Onomichi na si Kyoto. Kyoto msimu huu hupati pa kutia mguu, na ukipata, mbele yako kuna fimbo za simu kumi za kupigia picha. Onomichi ni mji wa pwani wa mkoa wa Hiroshima, watu 120,000 na ushei, dakika kama 20 kwa treni kutoka Fukuyama. Ni bandari ya tangu mwaka 1169, kwenye Bahari ya Ndani ya Seto. Bahari yenyewe hapa ni mkondo mwembamba, ukiutazama kwa juu utadhani ni mto. Ng'ambo ni kisiwa cha Mukaishima chenye kreni za viwanda vya meli, na pantoni huvuka kwa dakika chache tu ikiwa imebeba wanafunzi na baiskeli zao. Waendesha baiskeli wa kweli huanzia hapa: kuna njia ya kilomita 70 hivi inayoruka kisiwa hadi kisiwa kwa madaraja makubwa mpaka mji wa Imabari, kwenye kisiwa kikubwa cha Shikoku. Mimi huishia kisiwa cha kwanza.

Mji umeupanda mlima. Haukupigwa mabomu wakati wa Vita Kuu ya Pili, basi nyumba za zamani na mahekalu bado vimesimama, na kati yake hupita vichochoro vya ngazi za mawe ambavyo gari haliingii. Ukinunua friji, inapandishwa kwa mabega ya watu. Kwa adha hiyo vijana wengi walihama na nyumba zikabaki tupu, ingawa siku hizi wenyeji wamejikusanya wanazikarabati, na wageni wameanza kupanga. Paka nao wamejaa, wanene, wamelala katikati ya ngazi, na ni wewe unayewapisha.

Juu kabisa ni hekalu la Senkoji, ambalo kwa mapokeo lilianzishwa mwaka 806, na bustani yenye micheri zaidi ya elfu moja. Kipo kigari cha kuning'inia kwenye waya kinachokupandisha kwa dakika tatu, lakini wakati wa sakura nawashauri mpande kwa miguu. Hekaluni kuna jabali kubwa ambalo, kwa hadithi ya wenyeji, zamani lilikuwa na kito juu yake kilichong'aa usiku na kuongoza vyombo baharini, hadi mgeni kutoka ng'ambo akaja akaondoka nacho. Siku hizi wameweka taa ya duara mahali pake. Hadithi ya mgeni kuja na kuondoka na mali ya watu, sisi tena tunaielewa bila kutafsiriwa.

Nimekaa na watu wa mtaa chini ya maua. Utaratibu ni kutandika turubai la buluu, kuvua viatu ukavipanga pembeni, kisha kila mtu anafungua kisanduku chake cha chakula. Wakati huu wa mwaka samaki wanaoitwa tai huingia maji ya karibu kuzaa, wakiwa wamepata wekundu wa maua. Wavuvi huwaita tai wa sakura, na wakipikwa pamoja na wali, wallahi, hutauliza nazi iko wapi. Bibi mmoja jirani alinipa sakura mochi: mchele wa kunata wa chengachenga, umetiwa rangi ya waridi, ndani una maharage mekundu yaliyopondwa kwa sukari, nje umefungwa jani la mcheri lililokaa kwenye chumvi. Nikabaki nimeshika, sijui jani linaliwa au linamenywa. Bibi akacheka. Yeye hula na jani lake. Marehemu mumewe alikuwa akilimenya na kulikunja pembeni ya sahani, wakabishana kila masika ya huku mpaka Mungu alipomchukua. Nikala nalo, kwa heshima ya aliye hai. Chumvi kwanza, kisha sukari, na harufu fulani tamu ambayo jani bichi halina.

Mkesha wa Pasaka nilisali Hiroshima mjini, kwenye Kanisa Kuu la Kumbukumbu ya Amani Duniani. Lilikamilika mwaka 1954, kwa juhudi za padri Mjesuiti Mjerumani, Hugo Lassalle, ambaye mwenyewe alijeruhiwa na bomu la Agosti 1945 akapona. Tuliimba Aleluya kwa Kijapani, Wafilipino na Wavietnamu wakiwa wengi mabenchini.

Lakini Injili ya Pasaka iliniingia zaidi niliporudi kwenye ngazi za Onomichi. Mlima ule umejaa makaburi. Ni makaburi ya mahekalu, nguzo fupi za mawe zilizosongamana, na micheri imeinamia juu yake. Siku ya mlingano wa Machi, usiku na mchana vinapolingana, ambayo hapa ni sikukuu ya kitaifa, familia zilipanda kuyaosha kwa ndoo na kata, zikaacha maua na uvumba. Sasa petali zimeyafunika. Yohana anasema mahali pale Bwana aliposulubiwa palikuwa na bustani, na ndani ya bustani kaburi jipya. Nimeisikia aya hiyo tangu Sunday School na bustani yake ilikuwa inanipita tu. Macho yangu yote yalikuwa kwenye jiwe. Ukishapita asubuhi katikati ya makaburi yaliyochanua hivi, ndipo unaona kwa nini Maria Magdalena alimdhania Bwana kuwa mtunza bustani. Aliona alichotarajia kukiona hapo: mtu aliyeamka mapema kufanya kazi kwenye miti.

Na chini ya ngazi hizohizo, tarehe mosi Aprili, nilipishana na vijana waliovaa suti nyeusi mpya, mikunjo ya dukani bado inaonekana. Mwaka wa kazi huanza siku hiyo nchi nzima. Mmoja alikuwa na petali begani na hajui. Nikamwacha nayo.

Basi pokeeni salamu. Mama na Baba, Pasaka njema, na hilo paa la jiko lisisubiri mvua iongezeke, fundi nimeshamtumia pesa. Wanakwaya wenzangu, nimewasikiliza kwenye simu: besi safi, soprano mmekimbia. Mlioko Muscat na Dubai, ambao leo mko zamu kama siku nyingine yoyote, Pasaka yenu ni halali hata kama mtaila saa nne usiku. Mliofiwa tangu Krismasi, nimetaja majina ya wapendwa wenu kwenye mkesha. Watoto wa dada, zawadi ziko njiani, mama yenu asifungue. Na anayetaka kuja mwakani kuona maua, aanze mambo ya viza mapema, asilete koti zito kupita kiasi, ila unga wa dona asiusahau.